Kufinyanga vikombe vya sake kwa udongo wa Mombasa: mwongozo wa anayeanza

Kila ninapofanya darasa la ufinyanzi uani kwangu, maswali huwa yale yale. Udongo nitaupata wapi? Mbona kikombe changu kimelipuka motoni? Mbona kinavuja? Na lile ambalo halikosi: sisi tusiokunywa pombe, tufanye nini na kikombe cha sake? Nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Ukinipigia baada ya leo, nitakuuliza kwanza kama umesoma.

Nianze na hilo la mwisho. Sake ni pombe ya mchele, nguvu yake yapata asilimia 15, na Wajapani huinywa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Kilicho kidogo huitwa ochoko, huchukua kama mililita 30 hadi 60. Kikubwa chake, cha kujaa kiganjani, ni guinomi. Yasome majina haya kama yalivyoandikwa. Irabu zao ni kama zetu, na Mswahili huyatamka vizuri bila kufundishwa. Sasa kitazame hicho ochoko: kidogo, hakina mkono, hushikwa kwa ncha za vidole, huwekwa kinywaji cha moto kinachonywewa polepole kwenye mazungumzo. Si ndiye ndugu wa kikombe cha kahawa tungu? Wengi wanaokuja kwangu huondoka navyo kwa ajili ya kahawa na tende. Utakachotia ni shauri lako.

Tutafinyanga guinomi, kwa sababu ochoko ni kidogo mno kwa vidole ambavyo havijazoea. Na usidhani Wajapani wana udongo wa ajabu. Bizen, katika mkoa wa Okayama, wafinyanzi hutumia tope zito linalochimbwa chini ya mashamba ya mpunga, na vyombo vyao havipakwi kabisa mpako wa kioo, ule unaoyeyuka motoni ukafunika chombo kwa mng'ao. Rangi zote hutokana na moto na majivu. Tofauti kubwa ni moto wenyewe. Wao huchoma kwa kuni siku kumi na zaidi, joto likapita nyuzi 1,200. Sisi kwenye pipa tutafika 750 au 800 tukijaliwa. Kikombe chetu kitakuwa laini zaidi na kitanywa maji. Hilo lina dawa, tutafika.

Nadharia ni moja tu, na usiiruke. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe. Matumbawe yakichomwa huwa chokaa, na chokaa mbichi ikipata maji huchemka na kufura. Muulize fundi yeyote wa nyumba za kale aliyewahi kuizima. Punje ya tumbawe ndogo kama mchele ikibaki ndani ya ukuta wa kikombe hufanya mambo hayo hayo. Kikombe hutoka motoni kizima, kizuri, unakipiga picha. Siku ya tatu unyevu wa hewa yetu umeingia, punje imefura, na kipande cha ukuta kimeruka. Mara yangu ya kwanza nilipoteza vikombe kumi na kimoja kati ya kumi na vinne namna hiyo, vikiwa vimepangwa kabatini, hakuna aliyevigusa. Karibu kila onyo utakalolisoma hapa chini linahusu chokaa au maji.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kwa watu wanane, kila mmoja vikombe viwili au vitatu:

- Udongo mbichi kilo 10.
- Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na ndoo yenye kifuniko huhifadhi udongo vizuri zaidi hata hivyo.
- Chekecheke la unga lenye matundu madogo, na foronya kuukuu.
- Kichupa cha siki nyeupe.
- Vigae vya chungu cha maua, vilivyotwangwa na kuchekechwa, kiasi cha kopo la kilo mbili.
- Mshipi wa kuvulia wa kukatia udongo, kisu butu, kijiko cha chai, pini, sponji.
- Vifuu vya nazi vilivyokatwa nusu, kimoja kwa kila mtu.
- Kete ya baharini, au kokoto laini la ufukweni, la kusugulia.
- Pipa la chuma la lita 200, matofali ya kuchoma kama kumi, wavu wa nondo, kipande cha bati nene la chuma cha kufunikia.
- Makaa gunia nusu, vifuu, makumbi, na kuni kavu. Mvinje huwaka vizuri.
- Barakoa, glovu za ngozi, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga.

Pipa lisiwe lililobebea kemikali au rangi. La mafuta ya kupikia ndilo bora. Usipolijua lilikotoka, liache.

HATUA

1. Tafuta udongo upande wa bara.

Kisiwani usijisumbue. Ukivuka Makupa, pande za Changamwe, Jomvu na Miritini, chini si matumbawe tena. Ni mwamba wa matope ya kale uliolegea, na ukioza hutoa udongo wa kushika. Tafuta mahali watu wanachimba msingi au shimo la choo, muombe mwenyewe, na uchukue ule wa chini ya mizizi, nusu mita kwenda chini. Tope la mikoko liache hata likikuvutia kwa ulaini: lina chumvi, lina makombe. Karibu na gereji au viwanda pia hapana. Hiki ni chombo cha kinywani.

Upime hapo hapo. Viringisha kipande kiwe chembamba kama penseli, ukizungushe kidoleni. Kikikatika-katika, udongo hauna mshiko. Kikizunguka na nyufa ndogo tu, chukua. Kisha udondoshee siki donge kavu. Likitoa povu kwa mchemko, lina chokaa, ondoka. Povu kidogo mahali pamoja unaweza kulivumilia kwa sababu utachuja.

2. Kausha, loweka, chuja.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuloweka udongo ukiwa mbichi. Madonge mabichi hukaa ndani ya maji wiki nzima bila kuyeyuka. Uanike mpaka ukauke kabisa, uponde, ndipo uutie majini. Utauona unavunjika wenyewe huku ukitoa mapovu kama biskuti kwenye chai. Ponda ukiwa umevaa barakoa, nje, maana vumbi la udongo huharibu mapafu pole pole.

Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Maji ya visima vya mjini mengi ni ya chumvi, na chumvi hujitokeza juu ya chombo kama ukungu mweupe.

Siku ya pili koroga mpaka uwe urojo, upitishe kwenye chekecheke. Usisukume mabaki kwa kidole! Mabaki ndiyo mchanga na punje za chokaa tunazozikimbia, nawe unazilazimisha zipite. Yatupe. Kama siki ilitoa povu lolote katika hatua ya kwanza, pitisha mara ya pili kwenye kitambaa. Acha utuame usiku kucha, kisha mwaga maji safi ya juu.

3. Punguza maji, changanya, kanda.

Mimina urojo ndani ya foronya, uining'inize kwenye kamba ya nguo juu ya karai. Baada ya siku mbili au tatu utakuwa kama ugali laini. Uutoe, changanya na vigae vilivyotwangwa: kipimo kimoja cha vigae kwa vinne vya udongo. Vigae huupa udongo mifupa, hupunguza kusinyaa na huacha njia za mvuke kutokea. Mtu akikuambia utie mchanga wa baharini kwa sababu ni wa bure, mkumbushe kwamba sehemu kubwa ya mchanga huo ni makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Wa mtoni sawa.

Kanda kama unavyokanda unga wa mahamri, ila kwa kusukuma na kubana, si kwa kukunja. Ukikunja unafungia hewa. Kata donge kwa mshipi utazame ndani. Ukiona vitundu, rudi ukande. Ukimaliza uweke kwenye ndoo, funika kwa kitambaa kibichi na kifuniko, uulaze wiki moja. Ukilala huwa mtiifu zaidi. Harufu kidogo si kitu.

4. Fanya vipande vya majaribio.

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, kisha wananilaumu. Tengeneza vipande vitatu bapa, unene wa milimita 6, na juu ya kila kimoja uchore mstari wa sentimita 10 kamili. Vikauke, uvipashe juu ya jiko polepole, kisha uvifukie ndani ya makaa yanayowaka kwa saa moja. Vikipoa pima mstari: ukiwa na sentimita 9, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 10, na kikombe unachotaka kiwe na upana wa milimita 60 ukifinyange cha 67. Viache vipande hivyo bafuni kwenye unyevu kwa wiki moja. Vikitoa magamba, udongo huo ni wa kujengea ukuta. Heri kupoteza vipande vitatu.

5. Finyanga.

Pima gramu 180, donge kama ndimu kubwa. Lipige-pige mikononi liwe mviringo usio na mikunjo. Lishike kwa mkono wa kushoto, ingiza kidole gumba cha kulia katikati, ukiache kimo cha milimita 8 chini kiwe sakafu. Sasa bana ukuta kati ya gumba na vidole huku ukizungusha, bano moja, zungusha, bano moja, zungusha. Anzia chini kwenda juu. Ukingo uuache mnene mpaka mwisho kabisa. Wanaoanza huubana kwanza kwa sababu ndio unaofikika, nao unatanuka, unanyauka, na kikombe kinageuka sahani.

Ukiona ukuta unalegea, kiweke ndani ya kifuu. Kifuu ni stendi nzuri kuliko yoyote ya kununua: hushika tumbo la kikombe lisibonyee. Kipumzike dakika kumi, uendelee. Unene wa mwisho uwe milimita 4 au 5. Upime kwa kuchoma pini. Usikifanye chembamba zaidi kwa kutafuta sifa. Sake ya moto hunywewa kwenye nyuzi 40 hadi 50, kahawa yetu ni zaidi ya hapo, na kikombe hakina mkono. Ukuta ndio unaokinga vidole.

Maji: chovya ncha ya kidole tu. Darasani huwa naondoa bakuli la maji mezani kabisa, kwa sababu mkono ukishaona maji hauachi. Udongo ukilowa unaporomoka, na ukikauka unapasuka. Ufa ukitokea ukingoni, uzibe pale pale kwa kuusukuma upande kwa upande. Usiupake maji juu ukafikiri umepona.

Mwisho lainisha ukingo kwa kipande cha jani la mgomba kilichokunjwa. Kikombe kinaweza kuwa na kiuno kilichopinda, alama za vidole, mteremko upande mmoja, na Mjapani akakisifia kwa hayo hayo. Ila mdomo wa kikombe lazima uwe laini. Macho hupenda ukwaruzo, midomo haiupendi.

Kuna njia nyingine wanaiita kurinuki: unachukua donge zima, unalipiga liwe umbo la nje unalolitaka, unaliacha ligande nusu siku, kisha unachimba ndani kwa kijiko kama unayetoa nyama ya dafu. Wenye vidole vigumu na watoto hufaulu zaidi kwa njia hii, na sura zake huwa za kibabe. Ukuta wake huwa mnene, kwa hiyo ukaushe kwa siku nyingi zaidi.

6. Tia kitako.

Subiri kikombe kiwe na ugumu wa mche wa sabuni: kinashikika bila kubonyea, lakini ukucha unaingia. Kipindue. Viringisha uzi wa udongo mnene kama kidole kidogo, uufanye pete ya upana wa sentimita 3 na nusu. Kwaruza-kwaruza mahali pa kuungana pande zote mbili kwa pini, paka urojo wa udongo ule ule, bandika, kisha fuma udongo wa pete uingie kwenye kikombe ndani na nje. Pete isiyokwaruzwa hubanduka motoni, kila mara. Wajapani hukiita kitako hiki kōdai, na mjuzi akipewa kikombe hukipindua kwanza atazame hapo. Chora alama yako ndani ya pete.

7. Sugua kwa kete.

Kikombe kikianza kubadilika rangi, kimekauka lakini bado ni cha baridi mkononi, kisugue kwa mgongo wa kete kwa vimiduara vidogo mpaka king'ae. Ndani zaidi kuliko nje. Kusugua huko hubana uso wa udongo, na kwa chombo cha moto mdogo kama chetu, ndiko kunakopunguza kuvuja. Tumia nusu saa kwa kila kikombe. Simu kando.

Hapa niseme kwa ukali: usipake ndani ya kikombe rangi ya nyumba, vanishi, wala mpako wowote unaong'aa usioujua umetengenezwa na nini. Mipako mingi ya kizamani inayoyeyuka kwa moto mdogo ilikuwa ya madini ya risasi, na sumu yake huingia kwenye kinywaji. Wapo wanaofikiria kutumia vitu vya ndani ya betri kuukuu za gari. Usithubutu, hata kwa pambo.

8. Kausha kwa kufuata pepo.

Mwongozo wa nchi nyingine utakuambia siku tatu. Hapa inategemea mwezi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto na upepo hukausha ukingo kabla ya kitako, na kikombe kinapasuka kama mkate. Kipindue mdomo chini, ukifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili za kwanza, kivulini. Wakati wa masika, hasa Mei, shida ni kinyume chake: kikombe kinakaa wiki mbili na bado kina maji moyoni. Kiweke rafu ya juu jikoni, karibu na joto la kupikia.

Namna ya kujua: kigusishe shavuni. Kikiwa cha baridi, kina maji. Usiamini rangi, amini shavu. Siku ya kuchoma, kipashe kwanza saa tatu kwenye jua la mchana.

9. Choma.

Mahali ni muhimu kuliko pipa. Mbali na makuti, mbali na ua wa miti, mbali na nguo za jirani zilizoanikwa. Mwambie jirani mapema; moshi wa makumbi hauna siri. Upepo ukiwa mkali, ahirisha.

Kata mlango wa kuni chini ya pipa, upana wa sentimita 25. Simamisha matofali ndani, weka wavu juu yake, kimo cha sentimita 35. Usitumie mawe ya matumbawe kusimamishia wavu, hata yawe yamejaa uani: yatageuka chokaa na kila kitu kitaanguka. Tofali za simenti nazo hupasuka kwa kishindo. Panga vikombe mdomo chini juu ya wavu, vigusane tu bila kukazana, uvifunike kwa vigae vikubwa. Usifunike kwa mabati ya nyumba, maana mpako wake wa zinki hutoa moshi wa sumu, wala sufuria, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, nasi tunaelekea juu ya hapo.

Anza saa tisa alasiri, kwa sababu nitakayoitaja. Washa makaa machache tu chini, na kwa saa mbili nzima usiongeze zaidi ya kiganja kwa wakati. Hapa ndipo vikombe hulipuka. Shika kipande cha kioo juu ya pipa kwa kibanio: kikipata ukungu, mvuke bado unatoka, moto usipande. Kioo kikibaki kikavu, anza kuongeza kuni, kisha vifuu. Kwenye saa moja usiku giza limeingia, na ndiyo sababu ya kuanza alasiri: mchana huwezi kuona rangi ya udongo motoni. Chungulia kati ya vigae. Vikombe vikiwaka wekundu wa damu mbichi, vimefika. Dumisha rangi hiyo dakika ishirini, thelathini. Vikianza kuelekea rangi ya chungwa punguza. Unakaribia nyuzi 900, na kadiri unavyopanda ndivyo tumbawe lolote lililobaki linavyozidi kugeuka chokaa mbichi.

Ziba mlango kwa tofali, funika juu kwa bati la chuma, nenda kalale. Usifungue kabla ya asubuhi. Namjua mtu aliyefungua saa nne usiku "aone kidogo tu". Alisikia vikombe vikilia ting, ting, kimoja baada ya kingine.

Ukitaka madoido: huko Bizen hufungia vyombo majani makavu ya mpunga, nayo huacha michirizi myekundu iitwayo hidasuki. Mimi hufunga nyuzi za usumba zilizoloweshwa maji ya chumvi zikakaushwa. Mara nyingine hutoka mistari ya kahawia ya kupendeza, mara nyingine hakuna kitu. Moshi wake usiuvute. Anayetaka vikombe vyeusi atupie vumbi la mbao ndani kabla ya kufunika, azibe kila upenyo.

10. Loweka, kisha pika kwa maji ya mchele.

Vikombe vikiwa vuguvugu (si vya moto!) vizamishe kwenye ndoo ya maji safi, vikae usiku kucha. Punje ndogo za chokaa zilizoponyoka zitazimika kwa mkupuo ndani ya maji mengi na kulainika, badala ya kufura pole pole kabatini. Watengenezaji wa matofali hufanya hivyo pia.

Vikikauka, weka kitambaa chini ya sufuria, panga vikombe, mimina maji mazito uliyooshea mchele, yakiwa baridi. Washa moto mdogo, yatokote dakika ishirini, zima, viache vipoe humo humo. Wanga huingia kwenye vitundu na kuviziba. Wajapani huiita medome. Bibi yangu, ambaye Japani hakuijua hata kwenye ramani, alikuwa akipika uji kwenye kila chungu kipya kabla ya kukiamini na mchuzi. Suuza, kausha siku mbili, rudia mara moja tena.

YAKIHARIBIKA

Kimelipuka motoni. Watu husema ni hewa. Mara nyingi ni maji: kikombe hakikukauka, au moto ulipanda haraka. Vigae vyake vitwange, utavitumia kwenye udongo ujao.

Ufa wa sakafuni ndani. Ulisahau kubana sakafu kwa kidole gumba, au maji yalituama humo. Futa kwa sponji kila unapomaliza.

Moyo mweusi ukikivunja. Si ugonjwa, ni moto uliokwenda mbio, au udongo wenye mabaki ya majani. Kinatumika.

Kinapigwa kinatoa sauti ya mti badala ya kigae. Hakikuiva. Kikipondeka kwa ukucha baada ya kulowekwa, kichomwe tena pamoja na vingine.

Magamba yanaruka baada ya siku kadhaa. Chokaa. Tazama katikati ya shimo la gamba, utaona kitone cheupe. Kikombe hicho usikitengeneze, badilisha udongo.

Ukungu mweupe kwa nje. Chumvi ya maji yako. Loweka na ubadilishe maji mara tatu.

Kinatoa jasho mezani. Rudia maji ya mchele. Kikiendelea baada ya mara tatu, kitie kahawa tu, ukiweke kwenye kisahani, na usikiache na kinywaji usiku kucha.

Kinanuka uvundo. Ulikiosha ukakifungia kabatini. Hewa yetu hairuhusu hivyo. Kianike kipinduliwe kiegemee, jua la asubuhi, na sabuni ya manukato usiitumie kwa sababu kikombe hunywa harufu yake nayo. Kwa sababu hiyo hiyo, kikombe kikishaonja kahawa yenye tangawizi usirudi kukitia sake ukitegemea kuipata ladha yake. Finyanga viwili.